Jinsi ya Kutangaza Biashara Mpya ya Kuosha Magari

Mwenye gari chafu hahitaji kukumbushwa kwamba gari lake ni chafu. Vumbi analiona kila anapofungua mlango, na pengine watoto wameshaandika majina yao kwa kidole kwenye kioo cha nyuma. Kinachomfanya aahirishe kuliosha ni mashaka ya aina mbili: hajui atakaa kituoni kwa muda gani, na hana hakika kwamba gari litarudi mikononi mwake bila mikwaruzo na bila kitu kupotea ndani. Tangazo linalosema kwamba unatoa huduma bora kwa bei nafuu haligusi hata shaka moja kati ya hizo, na kwa kuwa kila mshindani wako anasema maneno hayohayo, fedha utakazolilipia zitakuwa zimetupwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha chochote, chukua saa ya kupimia muda na uoshe magari kumi ya ukubwa tofauti, ukiandika muda uliotumika kwa kila moja tangu ufunguo ulipokabidhiwa hadi uliporudishwa. Ukiona kwamba kuosha nje peke yake huchukua kati ya dakika 15 na 25, tangaza dakika 25, kwa sababu mteja aliyeahidiwa dakika 25 akahudumiwa kwa dakika 18 ataondoka ameridhika, ilhali aliyeahidiwa 15 akakaa hizohizo 18 atazihesabu zile tatu zilizozidi. Upande wa uangalifu nao ushughulikie vivyo hivyo, yaani eleza unachokifanya na uache kujisifu. Sentensi kama “Tunatumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi” humpa mwenye gari jambo analoweza kulikagua kwa macho yake akiwa amesimama pale, na humweleza pia kwamba ile mikwaruzo midogo ya mviringo anayoiona juani mara nyingi husababishwa na chembe za mchanga zinazosuguliwa kwa sifongo chafu. Kama unatumia shampuu ya magari badala ya sabuni ya vyombo, ambayo huondoa nta inayolinda rangi, liseme hilo pia. Bila shaka usiandike ndoo mbili kama unayo moja.

Bango la barabarani ndilo tangazo ambalo wengi hulikosea, kwa kuwa hulichora kana kwamba litasomwa na mtu aliyeketi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja, kwa hiyo dereva anayeanza kuliona bango akiwa mita 40 ana sekunde zisizofika tatu za kulisoma, kuamua na kupunguza mwendo. Wachoraji wa mabango wana kanuni yao kwamba herufi inayosomeka bila taabu inapaswa kuwa na kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, na ukipiga hesabu kwa mita 40 utapata herufi zenye kimo cha sentimita 33 hivi. Herufi za kimo hicho hazikuachii nafasi ya orodha ya huduma, namba mbili za simu na picha ya gari la kifahari. Zinakuachia maneno kama “OSHA GARI, DAKIKA 25” pamoja na mshale, kwa rangi nyeusi juu ya njano au nyeupe juu ya buluu iliyokoza. Liweke bango kabla ya lango, upande wa kila mwelekeo magari yanakotokea, kwa maana dereva akilisoma akiwa ameshalipita lango hatarudi nyuma. Bei na namba ya simu viandikwe kwenye ubao mdogo langoni, ambako gari limekwisha kusimama. Uliza pia mapema katika mamlaka ya eneo lako kama bango linahitaji kibali, na ukishalisimamisha lioshe kila wiki, kwa sababu bango lenye vumbi la kituo cha kuosha magari ni kichekesho.

Kwenye simu, kinachouza zaidi ni picha, na hapa inafaa kuwa mwangalifu kuliko wengi walivyo. Picha za magari ya kupendeza zilizopakuliwa mtandaoni hazimshawishi mtu yeyote. Chukua kiti kimoja chenye madoa, au kapeti ya upande wa dereva iliyojaa matope yaliyokauka, usafishe nusu yake tu, kisha piga picha kabla ya kuendelea na nusu ya pili. Mpaka ulionyooka kati ya sehemu chafu na sehemu safi hueleza kazi yako yote bila maneno. Ukitaka kuonyesha gari zima, picha ya kabla na ya baada zipigwe kutoka mahali pamoja, kwenye mwanga uleule, na gari liwe limekaushwa, kwa kuwa maji huficha mikwaruzo na kuifanya hata rangi iliyochakaa ing’ae, jambo ambalo wamiliki wa magari wanalijua vizuri. Mwombe mwenye gari ruhusa na ufiche namba za usajili.

Picha hizo ziweke kwanza kwenye ukurasa wa biashara wa Google, unaofunguliwa bure, kwa sababu mtu anayetafuta mahali pa kuoshea gari huwa tayari yumo barabarani na hutazama ramani. Hakikisha alama ya mahali ulipo imeangukia langoni na si katikati ya mtaa wa nyuma, na saa za kazi ziwe za kweli hata siku za sikukuu. Maoni ya wateja yaombwe wakati wa kurudisha ufunguo, mteja akiwa bado analizunguka gari lake kulitazama. Usiahidi zawadi kwa maoni hayo, maana Google inakataza. Anayelalamika mjibu hadharani kwa ufupi na kwa adabu, ukitaja hatua uliyochukua, kwa kuwa wasomaji wa jibu lako ni wengi kuliko yeye mmoja.

WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, hukupa orodha ya huduma yenye bei, majibu yaliyotayarishwa, na lebo za kuwatenganisha wateja wa kawaida na wa kampuni. Hali (status) unazoweka huko hudumu saa 24 tu, na huo ni ufupi unaoifaa kazi hii. Mvua ikikatika usiku, weka asubuhi picha moja ya gari lenye matope hadi madirishani na maneno “Tumefungua, foleni ni fupi.” Matangazo ya kulipia nayo yafuate hali ya hewa: siku mbili za kwanza za jua baada ya mvua, mwisho wa wiki, na siku chache kabla ya sikukuu. Kulipia tangazo katikati ya wiki ya mvua ni kumwomba mtu anunue kitu kitakachoharibika kabla hajafika nyumbani. Weka pia eneo la tangazo liwe dogo, kilomita chache kuzunguka kituo, kwani mtu hasafiri mbali kwa ajili ya kuosha gari.

Usiwasahau mafundi wa gereji, wauza matairi na wauzaji wa magari yaliyotumika walio jirani nawe. Hao hukutana kila siku na magari yanayohitaji kuoshwa, na gari moja la fundi ukilisafisha vizuri mbele yake litakuletea wateja wengi kuliko vipeperushi vinavyokwanguliwa kwenye vioo kwa hasira.

Kuhusu punguzo la ufunguzi, mimi ningelikwepa. Ukianza kwa nusu ya bei, hiyo nusu ndiyo itakayokaa akilini mwa wateja kuwa bei yako, na siku utakapoirudisha juu utaonekana umepandisha. Afadhali bei ibaki palepale na uongeze kitu, kama kufuta dashibodi au kung’arisha tairi. Njia nyingine ni kadi ya mihuri, na bahati nzuri watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze waliijaribu katika kituo cha kuosha magari na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Waligawa kadi 300: nusu zilihitaji mihuri minane ili mteja aoshewe gari bure, na nusu nyingine zilihitaji kumi, lakini miwili ilikwisha kugongwa. Mihuri iliyobaki kukusanywa ilikuwa minane kwa makundi yote mawili, ila kadi za kundi la kwanza zilizokamilishwa zilikuwa asilimia 19, na za kundi la pili asilimia 34. Mtu anayejiona ameshaanza safari huona vigumu kuiacha. Chapisha basi kadi ya nafasi kumi, na mteja wa kwanza mgongee mihuri miwili mbele yake, ukimwambia kwamba ni ya kumkaribisha.

Mwisho, weka daftari pale ufunguo unapopokelewa, na kila mteja mpya aulizwe ametujuaje. Jibu liandikwe kwa neno moja: bango, ramani, fundi, rafiki. Baada ya wiki sita gawanya gharama ya kila njia kwa idadi ya wateja iliyowaleta, kisha hesabu ni wangapi kati yao walirudi. Njia iliyoleta watu 20 wasiorudi ina hasara kuliko iliyoleta sita waliorudi mara tatu. Na siku tangazo likifanya kazi kupita kiasi, magari manne yakiwa yamepanga foleni, mfanyakazi aliye langoni amwambie dereva wa tano muda halisi wa kungoja kabla hajaingia, hata kama atageuza gari na kuondoka, na ampe kadi yenye ile mihuri miwili.