Kwenye vilima, tafuta reli iliyokufa

Ukitaka kuzurura na baiskeli kwenye vilima, mbali na magari na bila kukatika pumzi, angalia kwenye ramani kama kuna njia iliyokuwa reli. Treni haipandi mwinuko mkali, ndiyo maana wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde. Mwinuko wake kwa kawaida hauzidi asilimia 2 au 3. Hata goti bovu linamudu.

Kando ya mto pia ni pazuri, ila anza kwa kuelekea mto unakotoka, ungali na nguvu, kurudi iwe mteremko. Msituni punguza upepo wa matairi kidogo, na usifunge breki ghafla juu ya majani yaliyolowa. Gia? Badilisha kabla mlima haujaanza.