Kutoka Farnham hadi Dover kwa Miguu: Mwongozo kwa Mwandishi Anayeishi Uingereza

Mwandishi wa Kiswahili anayeishi Uingereza hukaa ndani mno. Baridi humfungia, kazi ya mshahara humla mchana kutwa, na makala anayodaiwa na mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi huandikwa usiku, pazia likiwa limeshushwa. Baada ya miaka kadhaa huwa anazijua stesheni za treni za chini ya ardhi kuliko anavyoijua nchi yenyewe, na msomaji wa nyumbani huligundua hilo mapema kuliko yeye. Tiba ninayoipendekeza ni kushika njia moja ndefu, kuitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuandika kila siku ya mwendo. Hapa nitaeleza namna ya kufanya hivyo katika njia iitwayo North Downs Way, ambayo huanzia mji wa Farnham, magharibi mwa Surrey, ikafuata mgongo wa vilima vya chaki hadi kwenye majabali meupe ya Dover.

Wenyeji watakushauri uanze na Pennine Way, njia ya kwanza ya kitaifa, iliyofunguliwa mwaka 1965. Ni njia ya fahari, lakini inapita kwenye matope meusi ya nyanda za juu, mbali na stesheni na maduka, na anayeanza huitumia siku nzima kujiokoa badala ya kuangalia. North Downs Way, iliyofunguliwa mwaka 1978, ina urefu wa kilomita zaidi ya 200, na faida yake kubwa ni reli: Guildford, Dorking, Merstham, Oxted, Otford, Hollingbourne, Charing, Wye, Chilham, Canterbury, kote huko kuna stesheni ama njiani hasa ama kwa mwendo mfupi kutoka njiani. Mtu mwenye kazi ya wiki nzima anaweza kuitembea Jumamosi baada ya Jumamosi, kila mara akianzia pale alipoishia, na kulala kwake. Nyumba za wageni za vijijini ni ghali, na sioni sababu ya kulipia kitanda ili tu uweze kusema hukurudi nyumbani.

Panga kutembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku, ingawa vitabu vya wapanda milima vitakuambia kwamba mtu mzima huenda zaidi. Wao hawasimami kuandika. Nunua ramani za karatasi za kipimo cha 1:25,000, zenye jalada la rangi ya chungwa, hata kama simu yako ina ramani, kwa maana simu hukata chaji upesi kwenye baridi. Katika ramani hizo njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, na ukiwa njiani penyewe utaongozwa na alama ya tunda la mwaloni iliyopigwa kwenye nguzo na mageti.

Vistari hivyo vya kijani vina nguvu ya kisheria, na mgeni anapaswa kulijua hilo kabla ya kutoka nyumbani. Njia ya umma ikipita katikati ya shamba la mtu, una haki ya kupita, naye hana haki ya kuifunga. Wajibu wako ni kubaki kwenye njia na kufunga kila geti ulilolikuta limefungwa. Haki hii ilipiganiwa. Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi walipanda mlima Kinder Scout, uliokuwa umehodhiwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na watano kati yao wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyoagiza njia za umma ziandikwe rasmi kwenye ramani. Nalitaja hili kwa sababu mtu mweusi, au mwanamke aliyevaa hijabu, akitokea peke yake nyuma ya ghala la mkulima, ataulizwa kama amepotea. Mara nyingi swali hilo ni wema, mara chache ni ulinzi, na kwa hali zote mbili dawa ni moja: tangulia kusalimu, taja unakotoka na unakokwenda, na ramani iwe mkononi. London ukimwamkia usiyemjua atakutazama kwa mashaka. Kwenye vilima hivi, anayepita kimya ndiye anayeonekana hana adabu, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa pwani ni nafuu kubwa.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa mitaani kwa wiki kadhaa, soksi ziwe za sufu, na koti la mvua liwe la mvua kweli, si la kujikinga upepo tu. Mguu ukianza kupata moto mahali fulani, simama hapo hapo ubandike plasta, kwani lengelenge likishajaa maji utalibeba mpaka jioni. Beba lita mbili za maji, chupa ya chai, na chakula kisichohitaji duka. Chapati zilizokunjwa na kipande cha kuku zitakufaa kuliko kutegemea baa ya kijijini, ambayo jiko lake mara nyingi hufungwa mchana, dakika chache kabla hujafika.

Mikasa midogo haiepukiki, na mingine ina hatari, kwa hiyo itenganishe. Chaki iliyoloa huteleza kama sabuni, hasa kwenye miteremko iliyo baina ya Detling na Hollingbourne, na hapo fimbo ya kutembelea si uzee. Chini ya kilima cha Box Hill utavuka mto Mole kwa kukanyaga mawe yaliyopangwa majini. Mto ukijaa, usijaribu ushujaa, kwa kuwa kuna daraja la miguu karibu sana. Majira ya kuchipua, ng'ombe wenye ndama huwa wakali: zunguka kundi kwa mbali, wala usikimbie. Kuna mmea wa kuwasha unaoota pembezoni mwa njia, ndugu wa upupu kwa tabia ingawa si kwa nasaba, nao hautakudhuru zaidi ya kukutia hasira.

Kupe ni habari nyingine. Wanakaa kwenye majani marefu na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Kila jioni kagua nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Ukimkuta, mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumminya, na usimpake mafuta wala kumchoma moto. Endapo katika wiki zinazofuata utaona wekundu unaotanuka, muone daktari na umwambie ulikotembea. Ukiumia njiani, piga 999 au 112. Simu itajaribu kutumia mtandao wowote uliopo hata kama wako haushiki. Filimbi nayo ina lugha yake: mipulizo sita, kimya cha dakika moja, kisha tena.

Mkasa unaowapata Waswahili kuliko watu wengine wote ni wa saa. Andika ratiba ya treni kwa tarakimu za saa 24, kama 17:00, na kamwe usiiandike kwa maneno. Mwenzangu mmoja alisikia kwamba treni ya kurudi ni saa “five”, akaandika “saa tano” daftarini, jioni akaisoma Kiswahili, akakaa barazani kwa baa akinywa chai kwa raha huku akiisubiri treni ya saa tano usiku. Mwanga pia hudanganya mtu aliyezoea jua la Dar es Salaam, linalotua kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kusini mwa Uingereza, mwishoni mwa Juni jua hutua baada ya 21:00, na Desemba hutua kabla ya 16:00; tochi ya kichwani isitoke kwenye shanta kuanzia Oktoba. Wikiendi, tazama kama reli inafanyiwa matengenezo, na sikiliza matangazo ndani ya treni, kwa kuwa nyingine hukatwa vipande viwili katikati ya safari, behewa za mbele zikaenda kwingine na za nyuma kwingine.

Sasa kuandika. Tumia penseli, kwani wino hutiririka kwenye mvua, na daftari likae ndani ya mfuko wa nailoni. Kurekodi sauti kwenye simu hakufai juu ya mgongo wa vilima, ambako upepo hula nusu ya maneno. Simama mara tatu kwa siku na uandike yale tu ambayo kumbukumbu haitayahifadhi: jina la geti au kijiji, maneno ya mtu kama alivyoyasema, saa ambayo mvua ilianza, kilichokuwa kimeota ukingoni. Hisia ziache, zitakungoja. Mkasa wowote uandike kabla hujamsimulia mtu, maana ukishausimulia mezani mara mbili unakuwa umeunyoosha, na kilichokuwa cha ajabu kimekwisha kupigwa pasi. Jioni piga picha kila ukurasa, ili daftari likianguka mtoni kazi isiende nalo. Watu uliokutana nao usiwataje kwa majina yao.

Ukifika karibu na Boughton Lees, njia inagawanyika: tawi moja linapita Wye na Folkestone, jingine Chilham na Canterbury. Mandhari ya bahari yako kwenye tawi la kwanza, lakini mwandishi achukue la pili. Canterbury ndiko alikouawa askofu mkuu Thomas Becket mwaka 1170, na mahujaji wakaijaza barabara kwa karne nyingi. Ndiko pia alikofundisha kwa miaka mingi, katika Chuo Kikuu cha Kent, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Jipe siku nzima hapo bila kutembea, uchape yale yaliyomo daftarini wakati bado unaweza kuusoma mwandiko wako, na umtumie mhariri sehemu ya kwanza, ukikumbuka kwamba Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi.

Toka Canterbury hadi Dover gawa safari katika siku mbili, ukilala au kupanda treni Shepherdswell. Siku ya mwisho ni fupi, na utafika bandarini mchana. Kurudi London kuna treni za kawaida na kuna za kasi ziendazo St Pancras. Za kasi hudai nyongeza ya nauli, kwa hiyo hakikisha tiketi yako inaziruhusu kabla hujaketi.