Namna ya Kuzuru Mahekalu ya Varanasi kwa Siku Mbili

Varanasi, ambao wenyeji huuita Banaras na maandiko ya kale ya Wahindu huuita Kashi, ni mji wa kaskazini mwa India, ukingoni mwa mto Ganga katika jimbo la Uttar Pradesh. Mahekalu yake hayahesabiki kwa urahisi: yapo makubwa yenye walinzi na foleni, na yapo mengine yasiyozidi ukubwa wa kabati, yaliyojengewa ukutani kwenye kona ya kichochoro, ambapo mtu anayekwenda sokoni husimama, hugusa jiwe kisha paji la uso wake, akaendelea na safari. Mgeni anayeanza kwa kuorodhesha mahekalu atachoka kabla ya adhuhuri. Nashauri aanze na mto, kwa kuwa machoni pa hujaji mto wenyewe ni mungu wa kike, Mama Ganga, na mengine yote humfuata yeye.

Miezi inayofaa ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Kati ya Julai na Septemba mto hufurika na kufunika zile ngazi za mawe ziteremkazo majini, ziitwazo ghat, na mashua huweza kuzuiwa kabisa. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Siku ya kwanza uwe Assi, ghat ya kusini, kabla ya alfajiri. Patana na mwenye mashua kuhusu bei na mahali pa kushukia kabla hujaingia ndani. Ghat zipo takriban 84, na zote zinatazama mashariki. Ng'ambo ya pili hakuna mji, ni mchanga mtupu, hivyo jua linapochomoza huangaza majumba na minara yote kwa mara moja. Hapo utawaona mahujaji wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, wakichota kwa viganja viwili na kuyamimina tena kuelekea jua. Wanaotimiza ibada kamili huoga mahali patano kwa utaratibu huu: Assi, Dashashwamedh, Adi Keshav, Panchganga na mwisho Manikarnika. Asiye muumini halazimiki kuoga, na maji hayo asiyanywe.

Manikarnika ni mahali pa kuchomea maiti, na moto wake hauzimwi usiku wala mchana. Kuni hupangwa kwa marundo marefu na huuzwa kwa kupimwa kwenye mizani, kwa hiyo aina ya mti na uzito wake huonyesha uwezo wa familia. Wahindu huamini kwamba anayefia Kashi hufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa upya, ndiyo sababu wapo wanaohamia huko uzeeni kungoja siku yao. Simama mbali, ukae kimya, na usipige picha hata ukiambiwa kwamba inaruhusiwa kwa malipo. Mtu akikufuata akidai mchango wa kuni za maskini, mkatalie kwa upole na uondoke. Huo ni ujanja wa siku nyingi.

Ukishapanda ngazi, anza na hekalu la Kaal Bhairav. Yeye ni sura kali ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, na wenyeji humwita kotwal, yaani mkuu wa polisi wa mji, ambaye kwa desturi huombwa ruhusa ya kukaa Kashi. Kuhani atakupigapiga mgongoni kwa fagio la manyoya ya tausi na kukufunga uzi mweusi mkononi. Sadaka ndogo inatosha.

Hekalu kuu la Kashi Vishwanath litengewe asubuhi ya pili, na isiwe Jumatatu, siku ya Shiva, ambayo foleni yake haina mfano. Simu, kamera na mikoba haviingii, kwa hiyo viache ulikofikia, ubebe pasipoti na fedha kidogo. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, na viatu vyako viwe vya kuvulika upesi. Hekalu lililopo lilijengwa mwaka 1780 na Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore, na dhahabu ya paa lake ilitolewa na Maharaja Ranjit Singh wa Punjab. Hekalu la awali lilibomolewa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na msikiti wa Gyanvapi, uliojengwa mahali pake, ungali umesimama ubavuni. Mzozo juu ya mahali hapo umefika mahakamani na ndio unaoeleza wingi wa askari. Mgeni hana sababu ya kuujadili kwenye foleni.

Ndani hutapata nafasi ya kutafakari, kwani unasukumwa mbele na kupewa nukta chache tu za kuitazama linga, jiwe la Shiva, likimwagiwa maji na maziwa na kufunikwa maua. Nukta hizo ndizo darshan: kumwona mungu na kuonwa naye. Ukizunguka linga katika hekalu lolote la Shiva, usivuke mfereji unaotoa maji yake. Ukiufikia, geuka urudi ulikotoka.

Alasiri nenda Sankat Mochan, hekalu la Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, linalohusishwa na mshairi Tulsidas. Hapa watu hukaa kitako chini ya miti wakisoma sala kwa utulivu, nami napapendelea kuliko Vishwanath. Ladu za samli unazonunua kwa ajili ya sadaka zishike kwa mikono miwili, maana nyani wa hapo wanazijua vizuri kuliko wewe.

Jua linapozama uwe umekaa Dashashwamedh, mapema, kwenye ngazi za upande. Makuhani vijana husimama kwa safu wakizungusha taa nzito za shaba zenye ndimi nyingi za moto, kengele zikilia bila kukoma. Sinia ya moto ikipitishwa kwako, tandaza viganja juu yake kidogo, vipitishe usoni na kichwani, kisha weka sarafu.