Siku ya mshahara, lipa kabla hujafika grosari
Kama unakunywa, maliza malipo ukiwa bado kazini. Toa simu, nunua umeme wa LUKU, lipa kodi, mtumie mama watoto hela ya unga na mafuta. Kinachobaki ndicho cha bia. Bia 3 kwa siku, tuseme shilingi 2,000 kila moja, kwa mwaka ni 2,190,000. Hapo hujahesabu mishkaki, raundi ya meza nzima na bodaboda ya usiku. Nimemwona mtoto wa jirani akirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa mchango wa chakula, na jana yake baba yake alinunulia watu vinywaji. Iliniuma sana. Ukienda, beba noti chache tu, simu iache nyumbani.