Kazi za msimu kambini Marekani ukiishi kwenye RV: piga hesabu ya saa kwanza

Mwongozo huu umetokana na maswali ya Baba Neema na mkewe, Wakenya wa Dallas walioachana na nyumba ya kupanga wakahamia kwenye treila ya kuvutwa na pikapu, aina mojawapo ya RV, yaani nyumba ya magurudumu. Nilikaa nao mezani wakituma maombi, na niliona wanakwama pale ambapo wengi hawatarajii. Kazi zipo. Kambi, yaani sehemu ambako wasafiri hukodi kiwanja cha kuegesha RV au kupiga hema, zinatafuta watu wa kupokea wageni, kusafisha vyoo, kuzoa majivu mekoni, kuuza kuni na kukata nyasi, na mwenye kambi humpenda mtu anayekuja na nyumba yake. Masharti ndiyo yenye miba.

Hatua ya 1: Karatasi

Kama huna kibali cha kufanya kazi, ishia hapa. Viza ya matembezi hairuhusu, na ukipewa kiwanja cha kuegesha kwa kubadilishana na saa zako, hayo ni malipo hata kama hujashika dola. Mwenye uraia, Green Card au kibali cha kazi aziweke hati zake halisi ndani ya RV, si kwa shangazi Houston. Mwajiri atakujazisha fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba una ruhusa ya kufanya kazi, na una siku 3 za kazi tangu uanze kumwonyesha hati zenyewe. Picha ya simu haitoshi.

Hatua ya 2: Anwani

RV haina namba ya mtaa, lakini benki, bima na leseni vyote vinataka anwani. Wengi huchagua Texas, Florida au South Dakota kwa kuwa hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara. Mimi napendelea Texas, kwa huduma ya barua ya Escapees, klabu ya wenye RV, pale Livingston. Kumbuka tu kwamba ukifanya kazi Montana, Montana inadai kodi yake kwa ulichopata huko. Kabla ya kuhama, angalia bima yako ya afya inalipia nini nje ya jimbo lako.

Kama bado si raia, kuna jambo ambalo wenzetu wazaliwa wa huku hawatakwambia, kwa kuwa haliwahusu: ukibadilisha anwani unapaswa kuiarifu idara ya uhamiaji, USCIS, ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Ni bure na inajazwa mtandaoni.

Hatua ya 3: Tafuta mapema

Msimu wa kiangazi hupamba moto kati ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, na Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Omba kuanzia Desemba hadi Februari. Ukisubiri Aprili utapata makombo. Kwa kazi za majira ya baridi huko Arizona, Florida na kusini mwa Texas, anza kuomba kiangazi.

Mimi huanza na CoolWorks, tovuti ya kazi za msimu, kisha Workamper News, chapisho la wanaofanya kazi wakiishi kwenye RV, ambalo limekuwepo tangu 1987. KOA, mtandao wa kambi binafsi, nao wana mpango wao wa kuwaunganisha wafanyakazi na kambi zao. Ukitaka hifadhi ya taifa, usiiandikie hifadhi. Tafuta kampuni yenye mkataba. Yellowstone, kwa mfano, kambi kubwa kama Madison, Canyon na Fishing Bridge zinaendeshwa na Xanterra. Makundi ya Facebook ni mazuri kwa umbea wa kambi ipi ina bosi mkali, lakini sitafuti kazi humo.

Wasifu uwe ukurasa mmoja. Weka picha yenu na picha ya RV ikiwa safi, na taja urefu wake na mwaka ilipotengenezwa, kwa sababu kambi nyingi hazipokei RV iliyozidi miaka 10. Kama umewahi kuendesha lori, kuuza duka au kutengeneza mabomba, liandike juu kabisa.

Hatua ya 4: Hesabu ya saa

Hapa ndipo tulipomaliza jioni nzima, na hapa sitaki uruke hata mstari.

Tangazo litasema "kiwanja bure". Hakuna kiwanja cha bure, kuna kiwanja unacholipia kwa jasho. Kwa kawaida utakutana na mipango ya aina tatu. Wa kwanza, unalipwa kila saa na kiwanja unakatwa kwa bei ndogo au hukatwi kabisa. Wa pili, saa kadhaa za mwanzo kila wiki ni za kiwanja, zinazobaki unalipwa. Wa tatu, saa zote ni za kiwanja na mfukoni huingizi kitu. Mimi huchukua wa kwanza. Wa pili naukubali baada ya kalamu kupita. Wa tatu nawaachia wastaafu wenye pensheni.

Chukua daftari (la karatasi, maana kwenye simu mtu huacha katikati) na uandike bei ambayo mgeni wa kawaida analipa kwa mwezi mzima kwenye kiwanja kama hicho. Usitumie bei ya usiku mmoja kuzidisha mara 30. Mwenye kambi atakutajia hiyo ili zawadi yake ionekane kubwa, ilhali mgeni wa mwezi hulipa pungufu sana.

Tuseme bei ni dola 600 kwa mwezi, na wanataka saa 20 kwa wiki kutoka kwa kila mmoja wenu. Hizo ni saa 40 kwa wiki, takriban 173 kwa mwezi. 600 gawa kwa 173 ni kama dola 3 na senti 47 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Kwa kima hicho, kiwanja cha dola 600 kinalipika kwa saa 19 hivi kwa wiki, zenu wote wawili zikijumlishwa. Ukiwa jimbo la Washington, ambako kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 16.66, saa 8 na ushee zinatosha. Baada ya hapo kila saa inadai mshahara.

Sasa tahadhari. Sheria ya shirikisho inazisamehe baadhi ya biashara za burudani zinazofunguliwa kwa miezi isiyozidi 7 kwa mwaka, zisibanwe na kima cha chini wala malipo ya saa za ziada. Kambi binafsi ya msimu inaweza kuangukia humo. Kampuni zinazotoa huduma kwa mkataba ndani ya hifadhi za taifa na misitu ya taifa kwa kawaida hazipati msamaha wa kima cha chini. Na sheria ya jimbo inaweza kuwa kali kuliko ya shirikisho, kwa hiyo soma ukurasa wa idara ya kazi wa jimbo unalokwenda, si wa jimbo ulikotoka.

Kisha piga simu. Barua pepe humpa bosi nafasi ya kujibu nusu. Uliza: umeme uko ndani ya makubaliano au una mita? Gesi na kufua je? Mgeni akinigongea saa 4 usiku choo kimeziba, hiyo ni saa ya kazi au ni ujirani mwema? Mmoja wetu akiugua wiki nzima, mwenzake anafidia? Mkituachisha kazi, tuna siku ngapi za kuondoka? Swali la mwisho ndilo zito, maana ukipoteza kazi umepoteza na makao siku hiyo hiyo. Ile bonasi ya mwisho wa msimu usiiingize kwenye hesabu hata kidogo, ikija, njema.

Akishajibu, mwombe ayaandike yote na kutia saini. Anayesema "sisi hapa tunaaminiana" mshukuru na upige namba inayofuata.

Hatua ya 5: Kiwanja chenyewe

Uliza kama umeme wa kiwanja ni wa ampea 30 au 50. Ya 30 inakupa wati 3,600, ya 50 inakupa 12,000, na kwenye joto la Arizona ukiwa na viyoyozi viwili hiyo 30 itakatika kila saa. Nunua kifaa cha kulinda umeme kabla ya kununua zulia la nje.

Hatua ya 6: Msimu ukiisha

Kati ya Septemba na kazi ya baridi kuna pengo. Wengi hulijaza kwa mavuno ya bitiruti za sukari bonde la Red River, Minnesota na North Dakota, yanayoanza mwanzoni mwa Oktoba kwa zamu za saa 12. Nguo nzito ni lazima.

Kabla ya kung'oa jeki, linganisha saa za daftari lako na hati ya mwisho ya malipo mkiwa bado mnaonana uso kwa uso. Na mpe karani anwani yako ya barua: W-2, hati ya mshahara wako wa mwaka unayohitaji kwa kodi, hutumwa kufikia Januari 31, na kambi iliyofungwa Oktoba haina mtu wa kukupelekea barua.