Kumrudishia mzee nguvu za miguu nyumbani: mwongozo kwa familia za Bukavu

Katika mji kama Bukavu, ambako nyumba nyingi za Kadutu na za miinuko ya Ibanda hufikiwa kwa ngazi au kwa njia ya udongo yenye mteremko, mzee asiyeweza tena kupanda na kushuka hubaki ndani hata kama akili yake ni timamu. Katika kazi yangu ya kinesiterapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, naona kwamba familia nyingi huligundua tatizo hilo siku mzee anapoanguka, ilhali lilianza zamani, pale alipoanza kujisukuma kwa mikono ili ainuke kitini. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kiti. Kutembea kuna faida kubwa, lakini peke yake hakutoshi kurudisha msuli uliopungua, kwa sababu msuli hupata nguvu pale tu unapotakiwa kufanya kazi kubwa kuliko ile uliyoizoea.

Hatua ya kwanza: hakikisheni usalama

Mpelekeni mzee kwenye kituo cha afya kabla ya kuanza ikiwa anaumwa kifua au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, ikiwa amezimia au kuanguka hivi karibuni, ikiwa mguu mmoja umevimba, au ikiwa presha yake haijatulia. Anayemeza dawa za presha na kuhisi kizunguzungu kila anaposimama apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, maana huenda kinachohitaji kurekebishwa na daktari ni dawa. Maumivu ya magoti ya siku nyingi si sababu ya kukaa bure. Mara nyingi hupungua msuli wa paja unapoimarika.

Hatua ya pili: pimeni

Tafuteni kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 hivi na mkiegemeze ukutani ili kisiteleze. Mzee akae katikati ya kiti, nyayo zikiwa zimetulia sakafuni na mikono ikiwa imekunjwa kifuani, kisha ainuke wima na kukaa tena mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, huku mtu mmoja akiwa karibu naye na mwingine akihesabu. Akitumia mikono, matokeo huandikwa sifuri. Mwanaume wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 12, na mwanamke wa umri huo asiyefikisha mara 10, yuko chini ya wastani wa rika lake na hatari yake ya kuanguka ni kubwa zaidi; kwa miaka 80 hadi 84 viwango ni 10 na 9. Andikeni matokeo pamoja na tarehe.

Sifuri isiwavunje moyo. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, walichapisha matokeo ya wazee wa miaka 86 hadi 96 walioishi katika makao ya wazee na kufanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8: nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Walipoacha mazoezi, sehemu ya nguvu hizo ilipotea ndani ya wiki 4 tu.

Hatua ya tatu: kuinuka kitini kama zoezi

Kwa asiyeweza kuinuka bila mikono, wekeni blanketi zilizokunjwa na kukazwa juu ya kiti hadi kimo kimruhusu, kisha mpunguze moja baada ya nyingine kadiri anavyopata nguvu. Avute miguu nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele hadi pua ivuke magoti, ndipo ainuke huku akitoa pumzi. Kukaa kuchukue sekunde 3 au 4, bila kujiachia. Afanye mara 8, apumzike dakika 2, arudie mara mbili zaidi, siku 3 kwa wiki zisizofuatana.

Kipimo cha uzito unaofaa ni hiki: mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, lakini aweze bado kuzungumza. Zikiwa rahisi, akumbatie kifuani chupa ya maji ya lita moja na nusu, baadaye mbili. Familia nyingi husita hapa kwa heshima na huruma, zikiona ni vibaya kumtaabisha mzee. Nawasihi msisite, kwa kuwa zoezi lisilomtaabisha hata kidogo halimwongezei nguvu.

Hatua ya nne: kushuka

Kwenye mteremko msuli wa paja hulazimika kukaza huku ukirefuka ili kuuzuia mwili, na wazee wengi hushindwa hapo kabla ya kushindwa kupanda. Tumieni ngazi moja ya chini, yenye mahali imara pa kushika. Mzee asimame juu yake, ateremshe kisigino cha mguu mmoja polepole hadi kiguse chini, kisha aurudishe, mara 6 hadi 8 kila upande. Katika kushuka ngazi kwa kawaida, mguu dhaifu utangulie. Katika kupanda, utangulie ulio imara. Avae viatu vinavyoshika kisigino, si ndara, hasa mvua inapolowesha udongo.

Hatua ya tano: usawa wa mwili na mwendo

Akiwa karibu na meza nzito, asimame miguu ikiwa imebanana, kisha mmoja mbele ya mwingine, sekunde 10 kila mara, siku 3 kwa wiki au zaidi. Kutembea kufikie polepole dakika 150 kwa wiki, kwa vipande vya dakika 10 ikibidi. Chakula kiwe na maharage, mayai au samaki wadogo wa sambaza kila siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye afuate ushauri wa daktari wake.

Hatua ya sita: pimeni tena

Baada ya wiki 8 rudieni kipimo kwa kiti kilekile. Matokeo yasipopanda, chunguzeni kwanza kama uzito uliongezwa kweli, kisha kama mzee anakula vya kutosha. Ikiwa yote mawili yapo sawa na nguvu bado zinapungua, au uzito wa mwili unashuka, mpelekeni kwa daktari pamoja na karatasi yenye vipimo vyote viwili.