Dagaa, zawadi nzuri kwa mtoto wa mbwa

Kama unamfundisha mtoto wa mbwa kukaa au kuja anapoitwa, usihangaike na biskuti za dukani. Nunua dagaa wa Mwanza wasiotiwa chumvi. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu, maana wengi huanikwa chini na mchanga huwaganda, kisha wachemshe bila kiungo chochote na uwakaushe kwenye kikaango kikavu. Mkatie vipande vidogo, kama punje ya mahindi. Harufu yake tu inatosha kumfanya akuangalie wewe na si kuku wa jirani! Anapata protini, na kalsiamu kutoka kwenye vile vifupa laini.

Siku nyingine mpe kiazi kitamu kilichochemshwa, au ini kidogo, lakini ini lisiwe la kila siku kwa sababu vitamini A ikizidi humdhuru. Zawadi zote zisizidi sehemu 1 kwa 10 ya chakula chake cha siku.

Vitunguu, zabibu na chokoleti, hata kidogo, usimpe. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia. Huvunjika vipande vyenye ncha kali na kumchoma utumbo.